Mita ya LUKU Inapokataa Tokeni: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kumwita Fundi

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mteja anayenunua umeme jioni kisha mita ikakataa tokeni hujikuta fedha imeshatoka na nyumba bado iko gizani. Kwa mwenye mashine ya kusaga wilayani Kongwa au mwenye jokofu la nyama katika Soko la Majengo jijini Dodoma, saa chache za kusubiri ni hasara. Vishoka nao hutumia mwanya huo kujipatia fedha kwa kazi ambayo mara nyingi mteja angeweza kuifanya mwenyewe.

Tokeni ya LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, ni namba yenye tarakimu 20 inayotengenezwa kwa ajili ya mita moja tu. Ndani yake kuna kiasi cha uniti zilizonunuliwa na muda ambao tokeni ilitolewa. Mita hutunza kumbukumbu ya tokeni ilizopokea. Kwa sababu hiyo, tokeni haiwezi kutumika mara mbili wala kuingizwa katika mita ya jirani.

Hatua za ukaguzi

Kwanza, mteja alinganishe namba ya mita iliyo kwenye risiti au ujumbe wa simu na namba ya mita yake. Tarakimu moja ikikosewa wakati wa kununua, umeme huwa umelipiwa kwa ajili ya mita nyingine. Katika hali hiyo, atunze risiti na kuwasiliana na TANESCO mapema.

Pili, aingize tarakimu zote 20 taratibu na kuzihakiki kabla ya kubonyeza kitufe cha kuthibitisha.

Tatu, akague rimoti. Mita nyingi hufungwa juu ya nguzo, na mteja hubaki na rimoti inayowasiliana na mita kupitia nyaya za umeme za nyumba. Uniti zikiisha, rimoti hutegemea betri zake. Betri zikiwa dhaifu, tokeni sahihi haitafika kwenye mita. Abadilishe betri, achomeke rimoti kwenye soketi ya nyumba inayohudumiwa na mita hiyo, kisha ajaribu tena.

Nne, ikiwa tokeni imekubaliwa lakini taa haziwaki, aangalie swichi kuu ya nyumba na kuuliza majirani iwapo eneo zima limekosa umeme.

Maboresho ya mwaka 2024

Mfumo wa kimataifa unaotumiwa na mita hizi huhesabu muda kwa dakika kuanzia mwaka 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ilifikia kikomo tarehe 24 Novemba, 2024. Kutokana na hali hiyo, wateja walitumiwa makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya mwanzo ya kuboresha mita, na la tatu la umeme ulionunuliwa. Mita ambayo haikuboreshwa, kwa mfano katika nyumba iliyofungwa kwa muda mrefu, haitapokea tokeni mpya hadi makundi hayo yaingizwe kwa mpangilio huo.

Uniti zinapopungua

Malalamiko mengine hutokana na makato. Mwaka 2024, kwa mteja wa daraja la T1, bei ya uniti moja ilikuwa shilingi 292, na juu yake iliongezwa VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Hivyo, shilingi 5,000 ilitoa takribani uniti 14. Aidha, tangu tarehe 20 Agosti, 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Pale ilipokatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, shilingi 5,000 hiyo hiyo ilitoa takribani uniti 9.8. Miezi ikipita bila mteja kununua umeme, kodi hulimbikizwa na kukatwa kwa pamoja katika manunuzi yanayofuata. Ni vyema wapangaji wanaochangia mita moja wakasoma risiti kabla ya kutuhumiana, wakizingatia kuwa kodi ya jengo ni wajibu wa mmiliki.

Utunzaji

Rimoti iwekwe mbali na maji, moshi wa jikoni na vumbi, ambalo katika nyanda za kati huwa jingi wakati wa kiangazi. Betri ziondolewe iwapo rimoti haitatumika kwa muda mrefu, kwani zikivuja huharibu vishikizo vyake. Msimu wa mvua na radi, ambao Dodoma huanza mwishoni mwa mwaka hadi mwezi Aprili, vifaa vya umeme vichomolewe mapema kabla radi haijakaribia.

Mwananchi asifungue mita wala kukata lakiri yake kwa namna yoyote. Kufanya hivyo ni hatari kwa maisha, na mita inaweza kujifunga yenyewe hadi ifunguliwe na TANESCO. Tatizo likiendelea baada ya ukaguzi huu, mteja apige simu namba 180 bila malipo, akiwa na namba ya mita, risiti ya mwisho na maneno yanayoonekana kwenye kioo cha rimoti. Fundi akifika, aombwe kitambulisho cha kazi kabla ya kuruhusiwa kugusa mita.