Utabiri, Makadirio na Makisio: Istilahi za Bei ya Mafuta

Katika taarifa za uchumi zifasiriwazo kwa Kiswahili, neno utabiri hutumiwa kwa karibu kila kauli ihusuyo bei ya kesho. Matumizi hayo yana hatari. Mtumishi wa serikali anayeandaa bajeti akisoma kuwa bei ya mafuta imetabiriwa kufika kiasi fulani, aweza kukishika kiasi hicho kama ahadi, ilhali mwandishi wa asili alitoa hesabu yenye masharti. Katika makala haya tunakusudia kuzitenga dhana hizo.

Kwanza yafaa kulieleza jambo lenyewe. Mafuta ghafi huuzwa kwa pipa, lenye lita 159 hivi. Kati ya Oktoba 1973 na mwanzo wa 1974, nchi za Kiarabu zilipowanyima mafuta baadhi ya wanunuzi, bei ya pipa ilipanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu dola 12. Julai 2008 ilipita dola 145. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa chini ya dola 40. Tarehe 20 Aprili 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, mkataba wa mafuta ya Marekani ya kupokewa mwezi Mei ulishuka hadi dola 37.63 chini ya sifuri: maghala yalikaribia kujaa, na muuzaji akamlipa mnunuzi ili amwondolee mzigo.

Sababu yake ni hii. Mahitaji hayapungui upesi, kwani malori na mitambo haibadilishwi kwa siku moja. Wala uzalishaji hauongezeki upesi, kwani kisima kipya baharini huchukua miaka. Hivyo upungufu mdogo huleta mabadiliko makubwa ya bei. Aidha, vita, maradhi na maamuzi ya OPEC huja bila kubisha hodi.

Hali hiyo tunaiita kuyumba kwa bei. Chombo baharini huyumba huku na huku. Ndivyo ilivyo bei hii. Istilahi hiyo isichanganywe na mfumuko wa bei, ambao ni kupanda kwa bei za bidhaa kwa jumla.

Kwa kauli za wakati ujao tunapendekeza yafuatayo:

Utabiri: kauli ya mtaalamu, kwa ushahidi alio nao, juu ya jambo analotarajia litokee, kama utabiri wa hali ya hewa.

Makadirio: hesabu iliyojengwa juu ya masharti yaliyotajwa. Masharti yakibadilika, nayo hubadilika.

Makisio: kiasi kitajwacho pasipo hesabu kamili.

Bei kikomo, itangazwayo na EWURA nchini Tanzania, haimo katika kundi hili. Hiyo ni amri juu ya bei isiyoruhusiwa kupitwa.

Mfasiri azingatie pia kwamba sharti ni sehemu ya maana. "Bei inakadiriwa kufika dola 90 iwapo uzalishaji hautaongezwa" si sawa na "Bei itafika dola 90." Vilevile, asili ikisema "kati ya dola 60 na 100", si halali kuandika dola 80. Upana huo ndio kipimo cha mashaka ya mtaalamu, na mwenye kupanga matumizi ya umma ana haki ya kuuona.

Walimu na wafasiri wenye maoni juu ya mapendekezo haya wanaombwa kutuandikia.