Ruta ya Pili Nyumbani: Mawimbi, Kuta za Mawe na Matumizi ya Fedha

Katika nyumba nyingi za Micheweni, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, ruta huwekwa ukumbini karibu na dirisha, kwa sababu hapo ndipo mawimbi ya mnara wa simu yanapopatikana vyema. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, hata hivyo, hujisomea chumba cha nyuma au ng'ambo ya ua, palipo na utulivu. Huko simu yake huonyesha jina la mtandao, lakini ukurasa wa somo haufunguki. Wazazi huazimia kununua ruta ya pili. Fedha za kuinunulia pengine zimetokana na mwani uliovunwa na kukaushwa kwa majuma mengi. Ikichaguliwa bila ya ujuzi, fedha hupotea na chumba husalia vilevile.

Kinachoyadhoofisha mawimbi

Ruta hutuma habari kwa mawimbi ya redio. Yale ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12.5, na yale ya gigahezi 5 yana urefu wa sentimita 6. Hesabu yake ni nyepesi: mwendo wa nuru, ambao ni mita 300,000,000 kwa sekunde, hugawanywa kwa idadi ya mitetemo katika sekunde moja.

Mahali pa wazi, nguvu inayopokelewa hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Kinachopokelewa mita 3 kutoka kwenye ruta hubaki robo yake katika mita 6, na sehemu moja ya kumi na sita katika mita 12. Ndani ya nyumba huongezeka kizuizi cha kuta. Kuta za makuti hupitisha mawimbi kwa wepesi. Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe au wa matofali ya saruji huyadhoofisha mno, hasa ukiwa na unyevu, kwa kuwa maji hufyonza mawimbi hayo. Bati huyarudisha yalikotoka kama kioo kinavyorudisha nuru. Iwapo ukuta mmoja hupitisha sehemu moja tu ya kumi ya nguvu, kuta mbili za namna hiyo hupitisha sehemu moja ya mia, wala si moja ya ishirini. Hii ndiyo sababu chumba cha tatu hukosa mtandao ilhali cha pili kinaupata.

Kwa kawaida mawimbi ya gigahezi 5 hubeba habari kwa kasi kubwa zaidi, lakini huchoka upesi ukutani. Yale ya gigahezi 2.4 ni ya polepole, ila hufika mbali.

Funzo kutoka visiwa vingine

Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianzisha mtandao wa redio ulioitwa ALOHAnet, uliounganisha vituo vya visiwa mbalimbali na kompyuta iliyokuwa Honolulu. Tatizo walilolikabili lingalipo hadi leo: vituo viwili vikinena kwa wakati mmoja katika masafa yale yale, maneno yao hugongana na hayana budi kurudiwa. Kanuni ya kwanza ya kimataifa ya mitandao isiyo na waya majumbani na maofisini, iitwayo 802.11, ilitolewa mwaka 1997. Kwa kanuni hiyo kila chombo husikiliza kwanza kabla ya kunena.

Waya au kupokezana?

Ruta ya pili yaweza kutumika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuiunganisha na ile ya ukumbini kwa waya wa mtandao, ambao waweza kufika mita 100. Njia hii ndiyo bora, kwa maana waya hupita palipoyashinda mawimbi, na kasi haipungui. Mita 20 za waya mara nyingi hutatua tatizo ambalo ruta ya bei kubwa haikulitatua.

Ya pili ni kupokezana: ruta ya pili husikia mawimbi ya ile ya kwanza na kuyatangaza upya. Mfano wake ni wapiga mbiu wawili. Wa pili akisimama asipomsikia mwenziwe, hana la kutangaza. Kwa hiyo ni kosa kuiweka ruta ya kupokezana ndani ya chumba kisicho na mtandao. Mahali pake ni katikati, ambapo mawimbi yangali na nguvu. Aidha, ikiwa inatumia masafa mamoja tu, haiwezi kusikiliza na kunena kwa pamoja. Kasi hushuka hadi nusu hivi.

Sifa za kuzingatia dukani

Kwanza, ruta ya pili haihitaji tundu la laini ya simu. Kazi hiyo yafanywa na ile ya kwanza, na kuilipia mara mbili ni hasara. Ruta ya kawaida, hata iliyokwisha kutumika, yatosha, mradi iwe na ulinzi wa WPA2 au WPA3.

Pili, tarakimu kubwa zilizochapwa juu ya kasha, kama 300 au 1200, ni kasi za nadharia. Ikiwa intaneti inaingia nyumbani kwa megabiti 20 kwa sekunde, ruta yenye matundu ya waya ya megabiti 100 haitakuwa kizuizi.

Tatu, kwa njia ya kupokezana, inayotumia masafa yote mawili, 2.4 na 5, yafaa zaidi, kwani yaweza kusikiliza kwa moja na kunena kwa jingine.

Nne, umeme. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme wa gridi ya Taifa kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Hata hivyo, umeme ukikatika ruta zote mbili huzimika. Ruta inayotumia volti 12 ni rahisi kuendeshwa kwa betri ndogo.

Inapounganishwa kwa waya, ruta ya pili hupewa anwani yake yenyewe, kwa mfano 192.168.1.2 ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1. Kazi yake ya kugawa anwani huzimwa, na waya huchomekwa katika tundu la kawaida, si lile la intaneti. Jina na neno la siri huwa yale yale ya ruta ya kwanza, bali mkondo huwa tofauti: katika gigahezi 2.4, mikondo 1, 6 na 11 haiingiliani.

Jaribio kabla ya kununua

Mwanafunzi asimame na simu kando ya ruta ya kwanza. Ikiwa hata hapo ukurasa hufunguka kwa taabu, kasoro imo katika mnara au katika kifurushi, na ruta ya pili haitasaidia kitu. Ikiwa hapo ni upesi na chumbani ni polepole, basi tatizo ni kuta.

Darasani, wanafunzi waweza kutumia programu ya simu inayopima nguvu ya mawimbi kwa dezibeli. Wapime uwanjani katika mita 2, 4, 8 na 16, mara kumi kila mahali, kisha watafute wastani. Kila umbali unapozidishwa mara mbili, kipimo chatarajiwa kushuka kwa dezibeli 6 hivi. Wakirudia kipimo pande mbili za ukuta wa darasa, watajua ukuta huo unakula kiasi gani. Mzazi atakayeonyeshwa tarakimu hizo ataweza kuamua, kabla ya kutoa shilingi moja, kama nyumba yake yahitaji ruta mpya, waya wa mita chache, au kuihamisha tu ile iliyopo.