Njia ya Kwenda Sokoni, Njia ya Kurudi

Mkazi wa Soweto, jijini Mbeya, akienda soko la Mwanjelwa asubuhi hupita kichochoro kimoja, na jioni akirudi hushika kingine, ingawa nyumba na soko havijahama. Ukimwuliza sababu atakwambia ni mazoea tu. Mazoea hayo yana kanuni, na imeshapimwa.

Mwaka 2021 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, akiwemo Carlo Ratti, walichapisha uchambuzi wa safari zaidi ya 550,000 za miguu, za watu zaidi ya 14,000, zilizorekodiwa na simu huko Boston na Cambridge. Wengi hawakupita njia fupi kuliko zote. Walishika ile iliyoonekana kuelekea waendako, hata kama mbele ilizunguka. Kichwa hakikokotoi urefu wa kila mtaa. Kwenye njia panda kinauliza swali dogo: ipi inanielekeza niendako? Anayerudi anaanzia njia panda nyingine, kwa hiyo jibu la kwanza linakuwa jingine, na safari nzima inabadilika.

Nyanda za Juu Kusini zinaongeza jambo moja zito: kilima. Kwa kanuni aliyoitoa mwanajiografia Waldo Tobler mwaka 1993, mtu hutembea kama kilomita 5 kwa saa kwenye tambarare, lakini akipanda mita 1 kwa kila mita 5 anazosogea mbele, kasi hushuka hadi takribani kilomita 2.5. Anayetoka Ipogoro, bondeni mwa mto Ruaha Mdogo, kupanda Iringa mjini analijua hilo kwa magoti yake. Mwenye ndoo ya viazi kichwani atazunguka kwa hiari.

Masika nayo yana sauti. Kichochoro kilichonyooka kikigeuka tope, watu huhamia penye mawe, au penye ubao uliolazwa juu ya mtaro. Giza likiingia, wanawake wengi huacha mkato na kufuata taa za maduka, na hapo mwelekeo hauna nguvu tena.

Ndiyo maana upanuzi wa barabara kuu ya TANZAM hapo Mbeya kuwa njia nne, kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi, unanigusa sana. Barabara ikipanuka, anayevuka hukaa muda mrefu zaidi mbele ya malori. Kivuko kikiwekwa mahali panapomlazimu mtu kwanza kulipa kisogo soko analoliendea, wengi hawatakifuata; watakatiza palepale walipo, na watoto wa shule watawafuata. Kabla ya kuchora alama za pundamilia, wahandisi watembee kando ya barabara na kutazama nyasi zilipokanyagwa zikaisha. Watazame upande wa kwenda na upande wa kurudi, asubuhi na jioni, na warudi tena mvua ikinyesha, kwa sababu nyayo za Januari hazipiti zilikopita za Agosti.