Nyumba Inayomfaa Kila Mtu

Nyumba nyingi husanifiwa kana kwamba wakazi wake wote watabaki vijana wenye nguvu na macho makali, ilhali ajali, maradhi, ujauzito na uzee huweza kubisha hodi katika familia yoyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.3, yaani takriban mmoja kati ya kila sita, wana ulemavu mkubwa. Hata hivyo, kinachomzuia mtu si hali ya mwili peke yake. Anayetumia kiti mwendo, yaani kiti cha magurudumu, hukwamishwa pia na ngazi ambazo mjenzi aliamua kuziweka mlangoni.

Fikra hiyo ndiyo msingi wa usanifu kwa wote, yaani ubunifu wa majengo na vifaa vinavyoweza kutumiwa na watu wengi iwezekanavyo bila kuhitaji marekebisho ya pekee. Istilahi hiyo inahusishwa na Ronald Mace, msanifu majengo wa Marekani aliyeugua polio utotoni na kutumia kiti mwendo. Mwaka 1997, yeye na wataalamu wenzake walitoa kanuni saba za usanifu huo, zikiwemo matumizi yaliyo sawa kwa wote, urahisi wa kuelewa, kutohitaji nguvu nyingi, na nafasi ya kutosha kufikia na kutumia kitu.

Kanuni hizo hupata maana kamili zinapogeuzwa kuwa vipimo, na kipimo cha kwanza ni cha mlangoni. Njia ya mteremko inayojengwa badala ya ngazi, au kando yake, hupendekezwa isizidi uwiano wa 1 kwa 12, maana yake kila sentimita moja ya kimo huhitaji sentimita 12 za urefu. Kibaraza chenye kimo cha sentimita 45 kitahitaji mteremko wa mita 5.4, na juu yake sehemu tambarare ambapo mtu anaweza kusimamisha kiti na kufungua mlango bila kurudi nyuma. Kwa kuwa urefu huo haupatikani kwa urahisi baada ya ukuta wa uzio kusimama, huishia kujengwa mteremko mfupi na mkali ambao mwenye kiti hawezi kuupanda bila kusukumwa. Mlango nao unapaswa kuacha upana wa wazi wa sentimita 80 au zaidi, bila kizingiti kilichoinuka.

Chooni ndiko heshima ya mtu hupimwa zaidi. Choo cha kuchuchumaa humtesa mzee mwenye maumivu ya magoti na humfungia kabisa asiyeweza kusimama, kwa hiyo choo cha kukalia, vyuma vya kushikilia vilivyofungwa imara ukutani, sakafu isiyoteleza na bomba linalofikiwa kwa mkono ni mahitaji ya lazima. Kiti mwendo huhitaji nafasi ya kugeukia yenye kipenyo cha takriban sentimita 150. Aidha, mlango wa choo ufunguke kwa nje, kwa sababu mtu akianguka ndani, mwili wake huweza kuuziba mlango unaofunguka kwa ndani na kuwazuia waokoaji.

Wasioona vizuri husaidiwa na rangi zinazotofautisha ukingo wa ngazi na sakafu, ilhali kiziwi hunufaika na taa inayowaka kengele ya mlango inapobonyezwa. Kitasa cha kusukuma chini, kinachofunguka hata kwa kiwiko, humfaa mwenye mkono dhaifu na vilevile mama aliyebeba mtoto na ndoo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazitaka nchi wanachama ziondoe vikwazo katika majengo. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, na mwaka huohuo Katiba ya Kenya, katika ibara ya 54, ikatambua haki ya kufikia maeneo yote kwa kiwango kinachofaa. Hata hivyo, sheria haipanui mlango uliokwisha kujengwa, na kubomoa hugharimu zaidi kuliko kupanga. Kwa hiyo kila anayekusudia kujenga na azungumze na msanifu na fundi wake kabla msingi haujachimbwa, na adai vipimo hivi vionekane kwenye ramani.