Kufundisha Ukaguzi wa Saa za Mitambo ya Simu

Katika somo la Sayansi la madarasa ya juu ya shule ya msingi, simu hufundishwa mara nyingi kama waya uchukuao sauti kutoka mdomo huu hadi sikio lile. Maelezo hayo hayatoshi tena. Tangu mtambo wa kidijitali ulipoanza kuunganisha simu za watu huko Perros-Guirec, Ufaransa, mwaka 1970, sauti imekuwa ikisafirishwa kama hesabu. Hupimwa mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti nane, yaani alama nane za sifuri na moja. Mazungumzo ya mtu mmoja huwa basi biti 64,000 kwa sekunde. Katika mfumo wa Ulaya, ambao Afrika Mashariki nayo iliufuata, njia moja huwa na nafasi 32, na 30 kati ya hizo ni za sauti. Mwanafunzi wa Darasa la Sita aweza kuzidisha 32 kwa 64,000 akapata 2,048,000. Twashauri hesabu hii ifanywe ubaoni kabla neno "saa" halijatamkwa.

Neno hilo ndilo huwakwaza wanafunzi. Saa tuinenayo hapa haitaji asubuhi wala jioni. Kazi yake ni ya mpiga ngoma wa gwaride: hutoa mapigo, na kila pigo husukuma biti moja. Mtambo upokeao hauna budi kusoma kwa mwendo uleule wa mtambo upelekao. Lakini mapigo hutokana na kipande cha fuwele, na fuwele hubadilika kwa joto na kwa umri. Hakuna mbili zilizo sawa kabisa.

Zana za kulionyesha jambo hili ni kopo na maharage. Chukua kopo dogo linalojaa kwa maharage 20, utie 10 tangu mwanzo. Mtoto mmoja atie harage moja kwa kila pigo la fimbo yake. Mwenzake atoe moja kwa kila pigo la fimbo nyingine. Wakienda sawa, kopo hubaki nusu. Mtiaji akipiga 11 wakati mtoaji apiga 10, baada ya mapigo 100 ya mtoaji kopo limejaa, na harage lifuatalo laanguka chini. Akienda polepole, kopo litakauka, na mtoaji atakosa cha kutoa. Usiwasahihishe upesi, acha maharage yaanguke na darasa liyahesabu.

Ndani ya mtambo, kopo hilo ni hifadhi ndogo ya biti. Ikijaa, mtambo hutupa duru nzima ya nafasi zote 32. Ikikauka, hurudia duru iliyopita. Tukio hili tutaliita mtelezo. Wazungumzao husikia labda mlio mdogo tu, nao watasema simu ni nzima. Lakini barua ipitayo kwa mashine ya faksi yaweza kupoteza mistari, na hesabu za benki zitumwazo kati ya kompyuta huharibika, zikalazimika kutumwa upya. Kwa kuwa masikio hayatoi habari ya kuaminika, mtambo huwekewa kihesabio cha mitelezo.

Fundi stadi hangoji kihesabio. Hutazama kiasi kilichomo koponi, kama kinapanda au kinashuka, na kwa kasi gani. Duru moja huchukua sekunde 1 gawanya kwa 8,000, yaani sehemu 125 za milioni za sekunde. Saa mbili zikitofautiana kwa sehemu moja tu ya milioni, kila sekunde hupotea sehemu moja kati ya hizo 125. Kwa hiyo mtelezo hutokea kila baada ya sekunde 125, dakika mbili na kidogo. Saa kuu za mataifa zaruhusiwa kukosea sehemu 1 tu kati ya 100,000,000,000. Mbili za namna hiyo, zikikosea kwa pande zinazopingana, zitaleta mtelezo mmoja kwa siku 72 hivi.

Twaomba mwalimu akawie zaidi katika zoezi lifuatalo, ambalo vitabu vingi hulipita. Waambie watoto wale wawili watazamane, kila mmoja afuate fimbo ya mwenzake. Kopo litatulia. Hakuna harage litakaloanguka, na darasa litashangilia. Sasa mtoto wa tatu afunge jiwe kwenye uzi wa urefu wa sentimita 99 na kulibembeza kidogo. Kila mwendo wa upande mmoja ni sekunde moja. Mara nyingi wataona mapigo ya wale wawili yameharakishwa au yamelegea bila wao kujua. Mitambo nayo yaweza kunaswa hivyo: wa kwanza ukifuata saa ya pili, na wa pili ukifuata ya kwanza, kihesabio kati yao husoma sifuri huku yote miwili ikizidi kupotea. Ndiyo maana kila mtambo hupangiwa mkubwa wa kumfuata, na saa yake hulinganishwa pia na ya nje isiyoutegemea. Mitambo mingi ya aina hiyo imekwisha kung'olewa, lakini minara ya simu za mkononi ingali ikihitaji ulinganisho huu.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: na saa kuu hukaguliwa na nani? Saa hiyo huhesabu mitetemo ya atomi za seziamu, 9,192,631,770 kwa sekunde, kama ilivyoafikiwa na mataifa mwaka 1967. Hata hivyo haiachwi peke yake. Ukiwa na saa mbili zisizopatana, hujui ipi imekosa. Ukiwa na tatu, ile inayojitenga hujulikana. Ofisi ya kimataifa ya vipimo, iliyoko Sèvres karibu na Paris, hulinganisha saa zaidi ya 400 za nchi nyingi, ikazipa uzito mkubwa zaidi zile zenye mwendo thabiti.