Damu kwenye mswaki: usiogope, na usiache



Mwezi uliopita, foleni ya maji ikiwa ndefu, mama mmoja jirani yangu aliniambia: "Mwenzangu, mimi mswaki nimeuacha. Kila nikipiga, damu. Nimeona afadhali fizi zipumzike kwanza." Wamama wawili waliokuwa nyuma yake wakaitikia kwamba hata wao wanafanya vivyo hivyo. Kumbe tuko wengi! Basi leo tuliongelee jambo hili.

DAMU INATOKA WAPI?

Kila siku vijidudu vya mdomoni hutengeneza utando laini juu ya meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Pitisha ulimi asubuhi, utausikia kama utelezi. Usipoondolewa, fizi huvimba, huwa nyekundu, na zikiguswa kidogo tu zinatoa damu. Kwa hiyo si mswaki ulioleta ugonjwa. Mswaki umekuonyesha tu kwamba ugonjwa upo. Ukiuacha, utando unaongezeka na damu nayo inaongezeka.

Utando ukikaa siku kadhaa huanza kuwa ugaga, mgumu kama jiwe, na huo mswaki hauwezi kuutoa. Ugonjwa ukishuka chini ya ufizi, mfupa unaoshika jino huliwa polepole, mara nyingi bila maumivu. Siku unaposikia jino linacheza, mfupa umeshapungua, na kwa kawaida haurudi wenyewe. Habari njema ni kwamba hatua ya mwanzo, ile ya damu na uvimbe, inapona. Wengi wakisafisha vizuri kila siku, damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili.

TUFANYE NINI KILA SIKU?

1. Piga mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara. Ule wa usiku kabla ya kulala usiukose, kwa sababu tukilala mate hupungua na vijidudu vinapata nafasi.

2. Tumia mswaki laini. Uelekeze kwenye mpaka wa jino na ufizi, uzungushe taratibu, nje na ndani. Usisugue kama unayesugua sufuria.

3. Dawa ya meno yenye floraidi iwe kidogo: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto chini ya miaka 3, na cha punje ya njegere kwa mtoto mkubwa kidogo. Ukimaliza, tema tu. Hata siku ya shida ya maji hutashindwa.

4. Kila mtu na mswaki wake. Kama hakuna, kijiti cha mwarobaini kilichotafunwa mpaka kikawa na nyuzi laini kinasaidia, ukikitumia bila haraka. Mchanga na mkaa tuviache, vinakwangua meno.

5. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo hutuliza fizi, lakini hayachukui nafasi ya mswaki.

6. Sigara na tumbaku huharibu fizi. Tena mvutaji anaweza asione damu, akadhani yuko salama.

JE, NI KISEYEYE?

Wengine wakiona damu husema ni kiseyeye. Kiseyeye cha kweli kinatokana na kukosa vitamini C. Miaka ya 1980 kilizuka katika kambi za wakimbizi wa Ethiopia huko Somalia na Sudan, kwa sababu mgao haukuwa na matunda wala mboga mbichi za kutosha. Tusikisahau. Sombe, au kisamvu kama wenyeji wanavyoita, ni chakula kizuri, lakini kupikwa muda mrefu hupoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo. Ukipata pera, chungwa, limau au nyanya, wape watoto na wewe ule. Mche mmoja wa nyanya kando ya nyumba si jambo dogo.

LINI TWENDE ZAHANATI?

Nenda kama damu haijapungua baada ya wiki mbili za kusafisha vizuri, kama kuna usaha, au jino linacheza. Ugaga hutolewa na mtaalamu, usiuchokoe kwa sindano wala kisu. Mama mjamzito fizi zake huvimba upesi, kwa hiyo asiache mswaki. Mwenye kisukari naye awe makini zaidi, kwani ugonjwa wa fizi na sukari huchocheana.

Kwa mtoto mdogo aliyedhoofika, au aliyetoka kuugua surua, tusingoje hata siku moja. Akiwa na kidonda kwenye ufizi, mdomo unanuka vibaya na shavu linavimba, mkimbize zahanati. Huenda ni noma, ugonjwa unaokula uso wa mtoto kwa siku chache tu na unaoweza kumuua. Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwaka 2023 katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika. Ukiwahiwa, dawa na chakula bora vinauzuia.

Yule jirani yangu nilimwomba aanze tena usiku uleule, taratibu. Siku tatu za kwanza damu ilitoka, akataka kukata tamaa. Nikamwambia, vumilia. Wiki ya tatu tulikutana tena bombani, akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. "Leo nimetema mate matupu," alisema.

Wazazi, usiku wa leo wasimamisheni watoto mlangoni, pigeni mswaki pamoja nao. Wataiga wanachokiona.