Utani: Kwa Nini Tusi la Mtani Halichukizi?

Utangulizi

Miongoni mwa maswali yaliyowashughulisha wanasayansi ya jamii kwa muda mrefu, lipo moja ambalo mzawa wa Tanzania huenda asilione kuwa ni swali. Familia imefiwa. Waombolezaji wamekaa chini na vilio vimetanda. Anafika mtu, anaanza kuigiza mwendo wa marehemu, anatangaza mbele ya wote kwamba marehemu alikuwa mchoyo, kisha anaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa hawamfukuzi. Wanatoa fedha kidogo, na baadhi yao wanacheka huku machozi yakiwatoka. Mgeni akishuhudia jambo hilo atadhani ameona ukatili. Mwenyeji akiulizwa atajibu kwa ufupi kwamba yule ni mtani.

Inakuwaje maneno yaleyale yawe tusi yakitoka katika kinywa kimoja, na yawe faraja yakitoka katika kinywa kingine? Mhadhara huu unaeleza kwamba jibu halipatikani katika maneno, bali katika uhusiano uliopo baina ya wasemaji. Utani ni mfumo wa haki na wajibu, na mzaha ni alama yake tu. Jambo hili lina uzito wa pekee leo, kwa sababu neno utani linazidi kutumika kwa maana ya mzaha mtupu, na wapo wanaolitumia kama kinga ya matusi.

Ushahidi wa lugha yenyewe

Kiswahili kinaliweka neno utani katika kundi moja na udugu, urafiki, ujirani na uadui. Haya yote ni majina ya hali ya kuhusiana, na kila moja lina jina la mtu linalokwenda nalo: ndugu, rafiki, jirani, adui, mtani. Mtu husema “mtani wangu” kama anavyosema “ndugu yangu”. Maneno mzaha, dhihaka na kejeli hayana tabia hiyo, kwani yanataja tendo linaloanza na kwisha. Aliyemfanyia mwenzake mzaha jana si lazima awe na uhusiano wowote naye leo. Mtani hubaki mtani hata akiwa amenyamaza.

Kitenzi nacho kinatoa ushahidi. Mtu anaposema kwamba Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana, hamaanishi kuwa wakati huo wako mahali fulani wanacheka. Anataja hali ya kudumu iliyorithiwa. Kauli ya kutendana inaonyesha pia kwamba jambo hili ni la pande mbili: anayetania lazima naye akubali kutaniwa. Si ajabu, basi, kwamba methali inayoonya kuwa mzaha mzaha hutumbua usaha inataja mzaha, wala haitaji utani.

Wataalamu walivyolieleza swali hili

Mfaransa Marcel Mauss alilizungumzia suala hili katika mhadhara wake wa mwaka 1926. Mwaka 1940 Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown alichapisha makala iliyokuja kuwa msingi wa mijadala iliyofuata. Kwa mujibu wake, huu ni uhusiano ambamo mtu mmoja anaruhusiwa na mila, na pengine analazimika, kumfanyia mwenzake masihara, na huyo mwenzake anatakiwa asikasirike. Alibainisha kwamba ndoa huwaunganisha watu ambao wakati huohuo wana masilahi tofauti. Ili tofauti hizo zisizae ugomvi, jamii hutumia mojawapo ya njia mbili. Njia ya kwanza ni heshima kubwa, hata ya kuepukana, kama ile iliyopo baina ya mtu na mama mkwe wake. Njia ya pili ni masihara ya lazima, kama yale ya mashemeji na mabinamu. Kwa hiyo ukimya mbele ya mkwe na kelele mbele ya shemeji ni majibu mawili ya tatizo moja.

Maelezo hayo yanaufaa utani wa ukoo, ukiwemo ule wa babu anayemwita mjukuu wake “mke wangu” bila mtu yeyote kushtuka. Lakini Tanzania ina pia utani wa koo na koo, na wa kabila na kabila. Mwaka 1944 R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alichapisha makala kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika. Mwaka 1963 James Christensen naye alieleza jinsi utani wa Waluguru unavyofungamana na wajibu wa kijamii.

Historia inasaidia kueleza jozi kadhaa za watani. Wahehe na Wangoni walipigana vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, na hakuna upande uliofaulu kuutiisha mwingine. Leo ni watani. Wanyamwezi, kwa upande wao, walikuwa wapagazi na wafanyabiashara wa misafara ya karne ya 19 iliyotoka bara kuelekea pwani ya Bagamoyo, na njia yao ilipita katika nchi ya Wazaramo. Mtu aliyesafiri miezi mingi mbali na jamaa zake alihitaji mahali pa kulala na chakula, na kama angefia njiani, alihitaji mtu wa kumzika. Utani ulimpatia mgeni huyo watu wenye wajibu kwake. Kwa hiyo jozi hizi mbili, moja iliyotokana na vita na nyingine iliyotokana na safari, zinafanana katika jambo moja: pande mbili ambazo zingeweza kudhuriana zilifungwa kwa haki na wajibu.

Msiba kama kipimo

Msibani ndipo maana ya utani inapoonekana kwa ukamilifu. Ndugu wa marehemu wamelemewa na majonzi. Rafiki na jirani wanaona haya kusema neno lisilopendeza. Mtani yuko karibu kiasi cha kuwa na wajibu, na yuko mbali kiasi cha kutozidiwa na huzuni. Ndiyo maana katika jamii nyingi za mashariki mwa Tanzania watani hushiriki kuchimba kaburi na kusimamia taratibu za mazishi. Hali kadhalika, ni wao wenye ruhusa ya kusema ukweli ambao wengine wanauficha, kwa mfano kwamba marehemu alikuwa mlevi au mgomvi. Ukweli huo ukisemwa kwa kicheko, hausababishi kisasi.

Fedha wanayotozwa wafiwa nayo haielezeki kama ujira. Kiasi chake aghalabu ni kidogo, na mtani anajua kwamba siku ya msiba wake yeye ndiye atakayetozwa. Malipo hayo ni namna ya kukiri kwamba deni la kuzikana baina ya pande hizo mbili lingali hai.

Kutokana na hayo, yanapatikana masharti matatu ya utani. Kwanza, uhusiano uwe umejulikana na kukubaliwa na jamii kabla ya maneno kusemwa. Pili, kila upande uwe na haki sawa ya kujibu. Tatu, wanaotaniana wawe na wajibu wa kusaidiana wakati wa shida. Sharti mojawapo likikosekana, kinachobaki chaweza kuwa mzaha, mchezo au tusi, lakini si utani kwa maana yake kamili.

Mabadiliko ya maana na athari zake

Mijini maana ya neno hili imepanuka. Vyombo vya habari huziita Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, “watani wa jadi”. Matumizi hayo yanatimiza masharti mawili ya kwanza, kwani uhusiano wa klabu hizo unajulikana na kila upande hujibu bila kusubiri. Sharti la tatu linategemea mashabiki wenyewe: wapo wanaokejeliana uwanjani na kisha wakazikana mtaani. Neno la jadi limepata makao mapya bila kupoteza maana yake yote.

Hali ni tofauti katika usemi “nilikuwa nakutania tu”. Aghalabu kauli hiyo hutolewa baada ya mtu kuumizwa, na lengo lake ni kumfanya aliyeumizwa aonekane mkosaji kwa kukasirika. Mkuu wa kazi anayemtolea mwajiriwa wa kike maneno ya aibu hawezi kuitwa mtani wake. Hakuna uhusiano uliotambuliwa, mwajiriwa hawezi kumjibu kwa usawa, na mkuu huyo hana wajibu wowote wa kumhudumia msibani. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana imeufanya unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo anayejitetea kwa jina la mila katika jambo kama hilo anaivunja sheria, na wakati huohuo anaisingizia mila jambo ambalo haikuliruhusu. Hoja hiyohiyo inahusu kashfa za kikabila zinazotolewa kwa watu ambao si watani, na ambao hawakupewa nafasi ya kujibu.

Hitimisho

Afrika haina utani wa Tanzania pekee. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza desturi za namna hii za nchi ya Niger katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Hata hivyo, Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno moja linalobeba uhusiano wenyewe, wakati istilahi za wataalamu wa Ulaya zilijengwa juu ya mizaha, yaani juu ya kile kinachoonekana kwanza na mgeni. Mtunga kamusi anayelifafanua neno utani angefanya vema kuanza na uhusiano na wajibu, kisha ndipo aongeze maana ya mzaha iliyoenea leo. Mtafiti naye anayetaka kujua kama utani ungali hai katika jamii fulani asitosheke na kukusanya vichekesho. Awaulize watu wa jamii hiyo ni nani huja kuchimba kaburi wanapofiwa, na wao huenda kuchimba la nani.